Warekabi Mjini

JUMATANO

Mafungu ya kujifunza: 2 Wafalme 10:15–23, Yeremia 29:5, 35:1–19, Luka 7:31–35.

Katika siku za mfalme Yehoyakimu, majeshi ya Nebukadneza yalipoingia Yuda, jamaa ya Warekabi walikimbilia Yerusalemu. Walikuwa watu wa hema na mifugo. Hawakujenga nyumba, hawakupanda mizabibu, hawakunywa divai. Sasa walijikuta katika mji wa nyumba za mawe, ambako divai ilikuwa kinywaji cha kawaida mezani. Ilikuwa rahisi kuwatambua kuwa si watu wa pale.

Soma Yeremia 35:1–11. Warekabi walialikwa wapi, na ni nani aliyewawekea divai mbele yao? Walijibuje?

Jaribu hilo lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana. Divai ililetwa katika chumba kimojawapo cha nyumba ya Bwana, na mwenyeji wao alikuwa nabii. Kukataa mbele ya mwenyeji wa namna hiyo kungeweza kuonekana kuwa ni kukosa adabu. Hata hivyo walikataa, wakaeleza sababu: baba yao Yonadabu aliwaagiza hivyo. Huyu ndiye aliyepanda garini pamoja na Yehu katika vita dhidi ya ibada ya Baali, zaidi ya miaka 200 kabla yao. Hawakumlaumu Yeremia kwa kuwawekea divai, wala hawakuwadharau wenyeji kwa sababu ya nyumba zao. Walikiri wazi kwamba vita ndiyo iliyowaleta mjini.

Soma Yeremia 35:12–19. Ni jambo gani hasa ambalo Mungu aliwasifu kwalo?

Mungu hakuwaagiza watu wa Yuda wote wahamie mahemani. Baadaye, kwa kinywa cha Yeremia huyo huyo, aliwaambia mateka walioko Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani (Yeremia 29:5). Basi utakatifu haukuwa katika hema. Warekabi walisifiwa kwa utii wao. Walishika neno la mzee aliyekufa zamani, huku Yuda ikikataa kumsikiliza Mungu aliye hai, aliyesema nao mara kwa mara.

Waadventista wa mwanzo nao walikutana na swali la namna hii. Katika miaka ya 1860 nchini Marekani, mtindo wa wakati ule uliwataka wanawake wabane viuno kwa koseti na kuvaa sketi nzito zilizofagia barabara. Kwa ajili ya afya na kiasi, Ellen G. White alihimiza vazi lisilobana, fupi kidogo, lenye suruali chini yake. Waliolivaa walidhihakiwa. Lakini ndani ya kanisa baadhi ya watu walilifanya kuwa kipimo cha uaminifu, wakawasumbua wenzao, na ugomvi ukazuka. Kufikia mwaka 1875 alishauri vazi hilo liachwe. Kanuni ya afya, kiasi na unyofu ilibaki.

Leo dada anaingia harusini na gauni lake la heshima, na wenzake wote wameshona sare ya mtindo mpya. Kijana anafikiwa na chupa wakati wa kugonganisha glasi, na meza nzima inamtazama. Babu anangoja shikamoo, anapata “mambo”. Wakati wa kula kila mjukuu ameinamia simu yake. Kila mmoja wao anajiona ameachwa nyuma, na maumivu hayo si ya kuchekwa.

Lakini kuwa tofauti peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu, wala hakumfanyi kuwa mshamba. Yohana Mbatizaji aliishi nyikani na kuvaa singa za ngamia; Yesu alikaa karamuni. Wote wawili walisemwa vibaya, na wote wawili walimtii Mungu (Luka 7:31–35). Basi mtu na ajiulize: agizo hili limetoka kwa nani? Kama limetoka kwa Mungu, asimame nalo kwa upole, kama Warekabi walivyosimama mbele ya nabii. Kama ni desturi ya rika lake au ya kwao, aitunze kwa shukrani, bila kumtwika mwingine.

Taja jambo moja linalokufanya ujione mgeni miongoni mwa watu wa leo. Je, umelipokea kutoka katika Neno la Mungu, au ni mazoea tu?

Maswali ya Kujadili

1. Kijana ameacha kuja Shule ya Sabato kwa sababu mavazi yake husemwa mlangoni kabla hajasalimiwa. Darasa lenu lifanye nini wiki hii, na nani aende kwake?

2. Mtu akikaribishwa kinywaji au mchezo asioweza kuushiriki, anawezaje kukataa bila kumwaibisha mwenyeji wake? Warekabi wanatufundisha nini kuhusu maneno ya kutumia?

3. Wazee na vijana wa kanisa lenu wanaweza kujifunza nini kila upande kuhusu salamu na heshima?