KIASI: KIPIMO CHA MOYO



Somo letu ni neno la mwisho katika orodha ya tunda la Roho (Wagalatia 5:22-23): KIASI.

1. Asili ya neno
Kiasi limetoka katika Kiarabu, qiyas, maana yake kipimo. Wengine hudhani kiasi ni uchache. Lakini sisi tunaopanga mstari wa mgao wa chakula tunajua: kopo likipungua, mtu ameibiwa, likifurika, wa nyuma atakosa. Kiasi ni kopo lililojaa sawasawa.

Paulo aliandika kwa Kiyunani, enkrateia. Ndani yake mna kratos, yaani nguvu, utawala. Mwenye kiasi anajitawala. Neno la shina hilo limo pia katika 1 Wakorintho 9:25, juu ya mshindani michezoni, na Biblia ya Union Version imelitafsiri "kujizuia". Mshindani huyo ana nguvu, ila anaitunza kwa ajili ya taji. Na Kirundi chetu husema kwirinda, kujilinda. Kujilinda na nani? Na nafsi yako mwenyewe.

2. Kiasi na uchungu wetu
Sisi tuliotoka Nyakabiga hatujasahau mwaka 2015: maandamano ya kuanzia Aprili, kisha Desemba, miili ya watu ikaokotwa barabarani Nyakabiga na Musaga. Je, kiasi kinatuamuru tunyamaze? Hapana. Soma Matendo 24:25. Paulo, akiwa mfungwa, alimweleza liwali Feliki habari za haki, kiasi na hukumu, yote pamoja. Kudai haki ni halali. Kulia ni halali.

Lakini hasira nayo ina kipimo. Kosa la aliyeua ni la aliyeua. Tukilimwaga juu ya kabila lake lote, au juu ya mtoto anayechota maji bombani pamoja na wetu, kopo limefurika, na asiye na hatia ndiye anayeumia. Ndivyo vita vinavyorithiwa.

3. Maswali ya kujadili nyumbani
- Watoto wetu wanasikia nini tunapozungumza habari za nyumbani jioni?
- Ni jirani gani tunayemdai deni lisilo lake?

Mungu atupe moyo wa kiasi. Amina.