Pedali na Gemu: Tupige Hesabu Kabla ya Kutoa Pesa

SOMO LA KIKUNDI

Safari hii tunaleta jambo ambalo wazee wengine watalicheka. Kuna mashine ya pedali ambayo mtu huikanyaga kwa miguu huku mikono inacheza gemu ya kompyuta. Vijana wakisikia habari hii huja mbio kwa mwenyekiti: tununue, tuweke katika banda la kikundi, watoto wacheze, wapate mazoezi, na umeme utoke bure. Maneno matamu. Lakini pesa za kikundi ni za akina mama waliouza mahamri na viazi vya karai, na za wavuvi walioweka akiba msimu wa samaki. Kabla sanduku halijafunguliwa, tulisome jambo hili pamoja.

Kwanza tujue kwamba wazo si geni. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilijaribu kuunganisha baiskeli ya mazoezi na gemu zake, lakini chombo hicho hakikufika madukani. Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa gemu ya kucheza ngoma, mtu anakanyaga ubao kwa miguu akifuata mishale ya kwenye kioo. Mwaka 2014 ikaja programu iitwayo Zwift. Hapo baiskeli imefungwa chumbani, gurudumu la nyuma linabanwa na mashine, na kwenye kioo unajiona ukishindana na watu wa nchi nyingine. Desemba 2020 chama cha baiskeli cha dunia kilifanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa kwa njia hiyo, na bingwa wa wanawake alikuwa Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Kwa hivyo kijana akikuambia kuna watu wanaokanyaga pedali mbele ya kompyuta mpaka jasho linawatiririka, usimwambie anaota.

Sasa tufungue kifurushi, maana vijana wamefunga vitu viwili pamoja: afya na umeme. Tuanze na umeme, kwa sababu ndio unaovuta watu, na ndio wenye hesabu mbaya.

Mtu mzima mwenye afya akikanyaga kwa starehe saa nzima anatoa nguvu ya wati 50 hivi. Mwenye miguu ya chuma atafika 75 au 100, lakini si kila siku wala si saa nyingi. Nguvu hiyo ikipita kwenye mkanda, dainamo na betri, nyingine hupotea njiani. Mkononi unabaki na wati 40 hivi. Televisheni ya kisasa ya inchi 32 inakula wati 30 mpaka 50 peke yake. Kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu pamoja na kioo chake inapita 100 bila shida. Maana yake ni kwamba ili mtoto mmoja acheze, watatu au wanne wakanyage. Nani atakubali zamu hiyo?

Na tuigeuze kuwa shilingi. Wati 40 kwa saa moja ni sehemu 4 katika 100 za yuniti moja ya stima. Hata ukihesabu yuniti kwa shilingi 30, saa nzima ya jasho imeleta shilingi moja na senti 20. Mama anayepika samosa pale stendi ya Timboni hapati hasara kama hiyo hata siku ya mvua. Sola ndogo ya wati 50 juu ya paa, kwa jua letu la Watamu, inatoa kwa siku moja umeme kama wa mtu aliyekanyaga saa tano, na haidai chai. Kama shida ya kikundi ni umeme, nunueni sola, muiache pedali.

Hatusemi pedali haina kazi. Rwanda kampuni ya Nuru Energy ilitumia chaja ya kukanyaga kwa taa ndogo za mkononi, na yapata dakika 20 za kukanyaga zilitosha kuchaji taa tano. Pale ilifaa kwa sababu taa zile zilikuwa ndogo mno, na nyumba zilitegemea mafuta ya taa. Kazi ndogo, nguvu ndogo, vikalingana.

Pia hapa Kenya tuna mfano mkubwa kuliko huo. Shirika la ApproTEC, lililoanzishwa mwaka 1991 na ambalo baadaye liliitwa KickStart, lilitoa pampu ya kukanyaga kwa miguu kwa jina la MoneyMaker. Mtu anapanda juu ya vyuma viwili, anakanyaga kimoja baada ya kingine, maji yanapanda kutoka kisima chenye kina cha mita saba hivi na kwenda shambani kwa mpira. Na kule Arusha, kuanzia mwaka 2009, kampuni ya Global Cycle Solutions iliuza mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Angalieni tofauti. Nguvu ya mguu imekwenda moja kwa moja kwenye maji au kwenye gunzi, haikupitia umeme. Saa ile ile iliyoleta shilingi moja ya stima, kwenye pampu imemwagilia mchicha na nyanya zinazouzwa. (Walio karibu na ufuo wapime maji kwanza, maana visima vingi vya huko vina chumvi na mchicha hautawasamehe.)

Basi umeme tumeuweka kando. Tuje kwenye afya, na hapa vijana wana haki zaidi kuliko wazee wanavyodhani.

Mtu atauliza, sisi watu wa kijijini tunahitaji mazoezi ya nini? Anayepiga kasia Mida, anayelima, anayechota maji kwa mtungi, huyo kweli hahitaji mashine. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba Wakenya wengi wazima bado wanatumia miili yao vya kutosha. Lakini uchunguzi ule ule ulikuta presha ya juu kwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne, na unene uliopita kiasi kwa wanawake karibu wanne katika kila kumi. Na maisha yetu yanageuka mbele ya macho. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, kijana aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli sasa amekaa juu ya injini kutwa. Askari wa hoteli amekaa langoni. Mama wa duka amekaa. Mtoto akitoka shule anakwenda chumba cha gemu, shilingi zake mkononi, anakaa mpaka magharibi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 atumie mwili kwa nguvu kiasi dakika 60 kila siku kwa wastani. Mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Kipimo cha nguvu kiasi ni rahisi: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kukanyaga pedali mbele ya gemu kunaweza kufika hapo, lakini si lazima kufike. Mchezaji akinogewa, miguu husimama yenyewe, mikono inaendelea. Wenye ufundi wanaweza kufunga sumaku kwenye gurudumu na swichi ndogo pembeni, kama mita ya kasi ya baiskeli, ili gemu isimame miguu ikisimama. Kwa kikundi kisicho na fundi wa aina hiyo, mtu wa zamu mwenye sauti anatosha.

Wala tusidanganyane kuhusu kupungua unene. Saa moja ya kukanyaga taratibu inachoma kalori 200 hivi. Chupa ndogo ya soda, ile ya mililita 300, ina sukari ya vijiko vya chai vinane na kalori 130 hivi. Banda likiuza soda kwa wakanyagaji, dakika 40 za jasho zimerudi tumboni kwa mafundo matatu. Uzeni maji, au madafu, ingawa nayo yana sukari yake kidogo.

Mashine gani basi? Ile kubwa ya kupandwa kama baiskeli inachosha mchezaji, maana mikono imeshika pedi ya gemu na hakuna pa kujishikia. Afadhali kiti chenye mgongo, pedali ziwe mbele. Kuna pia kijisanduku cha pedali mbili kinachowekwa sakafuni mbele ya kiti cha kawaida. Hicho tumekipenda, kwa sababu mama anaweza kukaa na buibui lake au leso yake bila kupanda juu ya kitu wala kuonekana vibaya, na bibi mwenye magoti mazito anaweza kukanyaga polepole. Tena yeye hahitaji gemu, redio inamtosha. Njia ya bei nafuu kabisa ni baiskeli nzee iliyoinuliwa gurudumu la nyuma kwa stendi ya chuma. Fundi wa baiskeli yeyote wa Gede ataielewa. Lakini cheni ifunikwe kwa bati au mbao, maana kidole cha mtoto au ncha ya leso ikiingia hapo ni hospitali.

Gemu nazo zichaguliwe. Za mpira na za mbio za magari zinakwenda vizuri na pedali. Zile za kulenga shabaha zinataka mkono uliotulia, na mwili unaotikisika unamharibia mchezaji, atakasirika aache. Kucheza kwa kuwekeana pesa tukatae kabisa, hata iwe shilingi tano.

Mambo machache ya hapa kwetu. Hewa ya bahari inakula chuma, kwa hivyo cheni na beringi zitiwe grisi mara kwa mara, la sivyo baada ya msimu mmoja mtakuwa na kutu yenye viti. Chumba cha mabati wakati wa kaskazi ni tanuri, wekeni mashine chini ya makuti penye upepo. Mwenye presha au kisukari azungumze na daktari wa zahanati kabla ya kuanza, na yeyote akisikia kifua kinabana au kizunguzungu ashuke papo hapo. Kwa watoto, saa ziandikwe ukutani, na wakati wa shule mlango ufungwe. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ina ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu, na mtoto akifika huko pedali hazimponyi.

Wengine watasema mpira wa miguu kwenye uwanja wa mchanga unatoa haya yote bila senti. Ni kweli, na mtoto anayecheza mpira mwacheni acheze. Sisi tunamfikiria yule ambaye tayari anakwenda chumba cha gemu, na yule msichana ambaye uwanjani hapewi nafasi.

Katika mkutano wenu ujao jadilini haya: ni nani hasa hapa kijijini anakaa kutwa? Shida yetu ni umeme, ni afya, au ni watoto kukosa pa kwenda? Je, pesa hizo hizo zingenunua pampu? Halafu, kabla ya kununua chochote, azimeni baiskeli moja, muiinue kwa stendi mbele ya televisheni iliyopo, mjaribu wiki nne. Katibu awe na daftari, aandike kila aliyekanyaga, umri wake na dakika zake. Wiki ya kwanza msiihesabu, kila mtu atakuja kushangaa. Angalieni ya nne. Kama kuna majina ishirini, na miongoni mwao akina mama na wasichana, leteni daftari mbele ya mweka hazina mzungumze bei. Kama yamebaki majina mawili, rudisheni baiskeli ya watu.