Mtoto Akipata Homa Isiyoeleweka, Mkojo Upimwe Kwanza

Homa inapompanda mtoto bila kikohozi, mafua wala kuhara, wazazi wengi husema ni meno au malaria. Katika mitaa ya Nairobi kama Spring Valley, ambako maambukizi ya malaria ni machache, kuna sababu nyingine inayosahaulika: maambukizi ya njia ya mkojo, yajulikanayo kama UTI. Yakicheleweshwa, hupanda hadi kwenye figo na yanaweza kuziachia makovu ya kudumu.

Bakteria wanaohusika

Katika visa vinane hivi kati ya kumi, chanzo ni bakteria aitwaye E. coli. Kwa kawaida huishi utumboni bila madhara. Taabu huanza anapotoka kwenye choo kikubwa na kuingia njia ya mkojo. Wasichana huathirika zaidi kwa kuwa mrija wao wa mkojo ni mfupi. Bakteria wengine ni Klebsiella, Proteus na Enterococcus.

Kwa nini dawa hushindwa

Kila dawa ya kuua bakteria inapotumiwa, walio dhaifu hufa na walio sugu hubaki wakizaana. E. coli pia hupokezana jeni za usugu na bakteria wa aina nyingine, na baadhi yao hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijafanya kazi. Ndiyo sababu amoksilini na Septrin, dawa zilizozoeleka majumbani, mara nyingi hazitibu tena UTI.

Duniani, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 mwaka 2019. Kenya ilizindua sera ya kitaifa ya kukabiliana na tatizo hili mwaka 2017.

Dalili za kuangalia

Mtoto mchanga huwa na homa, hutapika, hukataa kunyonya au hulia kupita kiasi. Mkubwa hulalamika kuwa mkojo unamchoma, huenda haja ndogo kila mara, huumwa na tumbo la chini, au huanza tena kukojoa kitandani. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe hospitalini mara moja.

Wazazi wafanye nini

• Waombe mkojo upimwe kabla ya dozi ya kwanza, maana dawa ikitangulia inaweza kuficha bakteria. Mtoto aliyezidiwa asicheleweshewe matibabu.
• Mtoto asafishwe kwa maji, kisha mkojo wa katikati ukingwe katika chupa safi ya maabara na upelekwe upesi.
• Kipimo cha kuotesha bakteria huchukua siku mbili hivi au zaidi. Hicho ndicho huonyesha dawa itakayofaa, na daktari anaweza kubadilisha aliyoanza nayo.
• Dozi ifuatwe kama ilivyoandikwa. Dawa iliyobaki, au ya mtoto wa jirani, isitumiwe.
• Dawa hizi zisinunuliwe dukani bila cheti cha daktari.

Kinga

Msichana afundishwe kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Watoto wanywe maji ya kutosha, wasibane mkojo shuleni, na wanaofunga choo watibiwe. Nepi ibadilishwe mara inapochafuka.

Kwa mzazi, kungoja majibu ya maabara kwa siku mbili si rahisi. Lakini majibu hayo humwepusha mtoto na dawa isiyomfaa, na hulinda dawa chache ambazo bado zinafanya kazi.