Chenji ya Rada na Rejesta ya Darasa

Wanachuo wengi wakisikia maneno "uzingatiaji wa sheria katika makampuni" wanafunua ukurasa unaofuata. Hayo ni ya watu wa sheria na wa uhasibu, sisi wa ualimu yanatuhusu nini? Nami naanza na dawati na kitabu cha shule ya msingi, kwa sababu kuna wakati vitu hivyo vililipiwa na kesi ya kampuni ya Uingereza, na sisi tuliokuwa darasa la tatu na la nne mwaka 2012 ndio tuliokusudiwa.

Nazungumzia chenji ya rada. Jina wengi tunalijua, kisa chenyewe tunakijua nusunusu. Mwaka 1999 serikali yetu iliingia mkataba wa kununua rada ya kuongozea ndege, na muuzaji akawa BAE Systems. Bei ilikuwa pauni milioni 28 hivi. Kelele zilikuwepo tangu mwanzo, hata ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe, kwamba nchi maskini inauziwa mtambo wa ghali kuliko mahitaji yake. Baadaye ikabainika kwamba takriban dola milioni 12.4 zilikwenda kwa kampuni za mtu wa kati aliyesaidia biashara hiyo. Piga hesabu mwenyewe uone hiyo ni sehemu gani ya bei yote.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. BAE haikutiwa hatiani kwa kosa la rushwa. Desemba 2010, mbele ya Jaji Bean katika mahakama ya Southwark, London, kampuni ilikiri kosa moja tu: kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Malipo kwa yule mtu wa kati yaliandikwa vitabuni kama malipo ya huduma za kiufundi. Jaji hakukubali kwamba mtu yule alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri, lakini alihukumu kwa kosa lililokuwa mbele yake. Faini ikawa pauni 500,000, na kampuni ikawa imekubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya wananchi wa Tanzania.

Hela hazikuja kesho yake. Kampuni ilitaka kuzigawa kwa utaratibu wake, serikali yetu ikasema hapana, hizi ni zetu. Mwaka 2011 wabunge wetu wakiongozwa na Job Ndugai, wakati huo Naibu Spika, walikwenda London kuzidai. Zilipotoka 2012 zilielekezwa kwenye vitabu vya kiada, viongozi vya mwalimu na madawati ya shule za msingi.

Somo la kwanza ninalolichukua hapo ni dogo na linauma kidogo. Rushwa kubwa haiji na bahasha ya kaki, huja kama mstari kwenye daftari uliopewa jina jingine. "Ushauri." "Huduma za kiufundi." "Uwezeshaji." Mpelelezi anaweza kushindwa kuthibitisha bahasha, kwa kuwa waliokuwepo ni wawili na wote wananyamaza. Mstari hauondoki. Ndiyo maana sheria za leo duniani zinaukazania mstari.

Kesi ya pili ni yetu zaidi, ingawa haikupata jina tamu la mtaani. Serikali ilitaka kukopa dola milioni 600 kwa wawekezaji wa nje. Standard Bank ya London pamoja na Stanbic Tanzania ndio walioshika kazi hiyo. Ada iliyozungumzwa kwanza ilikuwa asilimia 1.4. Ikapanda hadi asilimia 2.4, na ile asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa nchini iitwayo EGMA kama "mshirika". Kwa mujibu wa maelezo yaliyokubaliwa mahakamani London, hakukuwa na ushahidi kwamba EGMA ilifanya kazi yoyote ya maana, na mmoja wa wakurugenzi na wenyehisa wake alikuwa wakati huohuo Kamishna wa Mamlaka ya Mapato. Machi 2013 hela ziliingia kwenye akaunti, na ndani ya siku chache sehemu kubwa ikatolewa taslimu.

Nani aliona? Siyo mkaguzi kutoka Ulaya. Wafanyakazi wa benki hapahapa Tanzania walishtushwa na fedha taslimu nyingi namna ile, wakasema. Taarifa ikapanda mpaka makao makuu, na ndani ya wiki chache benki yenyewe ikaenda kujisema kwa SFO, ofisi ya Uingereza inayoshughulikia udanganyifu mkubwa. Tarehe 30 Novemba 2015 Jaji Brian Leveson aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza ya aina hiyo Uingereza. Benki ikalipa dola milioni 25.2, na juu ya hizo Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 pamoja na riba, jumla zaidi kidogo ya milioni 7.

Na kosa lilikuwa lipi? Kushindwa kuzuia rushwa, kifungu cha 7 cha Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010. Hebu tusimame hapa kidogo, maana hii ndiyo roho ya kitu kinachoitwa uzingatiaji. Kwa sheria hiyo haitoshi kampuni kusema "bosi hakujua". Mtu wako akitoa rushwa kwa faida yako, una kosa, isipokuwa uonyeshe kwamba ulikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Benki ya London ilitegemea kwamba wenzao wa Dar es Salaam wameshamchunguza yule mshirika. Wa Dar nao walikuwa na haraka zao. Kila mmoja alidhani mwenzake ameuliza lile swali la mtoto wa darasa la nne: huyu anayelipwa dola milioni 6, amefanya kazi gani?

Mambo hayasimami. Marekani, ambayo tangu 1977 ina sheria ya kuwabana watu wake wanaohonga viongozi wa nchi nyingine, Februari 2025 Rais Trump aliagiza utekelezaji wake usimamishwe kwa siku 180, na Juni ukarudi na mwongozo mpya unaotazama zaidi maslahi ya makampuni ya Marekani. Uingereza imeongeza kosa jipya kuanzia Septemba 2025: shirika kubwa kushindwa kuzuia udanganyifu. Mmoja analegeza, mwingine anakaza. Chenji ya rada ilitufikia kwa sababu ofisi fulani ya nje iliamua kufungua jalada. Mimi sioni kama ni busara watoto wa Mpanda wasubiri dawati kwa upepo wa siasa za Washington au London. TAKUKURU tunayo, sheria ya 2007 tunayo, namba 113 ni ya bure, na tangu 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kinachopungua mara nyingi ni yule karani wa kusema "mbona hii haijakaa sawa".

Sasa nirudi kwenye upande wetu, chaki.

Shule ya msingi ya serikali inapata ruzuku ya uendeshaji, ile walimu wanaita kapitesheni. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 zinakwenda shuleni na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 800, hiyo ni shilingi milioni 4.8 inayopita mikononi mwa watu ambao mwakani ndio sisi. Hela hizo ni za umma. Mzazi yeyote ana haki ya kujua zimeingia ngapi na zimetoka kwa kazi gani, na mahali pake ni ubao wa matangazo.

Kwenye kabati hilohilo la mwalimu mkuu kuna kitu cha pili: rejesta ya darasa, fomu za kujiunga, namba za simu za wazazi, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya zahanati ya mtoto mwenye kifafa. Hizi ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Faragha ilikuwa kwenye Katiba zamani, ibara ya 16, lakini sasa ina meno. Sheria inasema taarifa zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zitumike kwa sababu hiyo tu, na anayezikusanya ajisajili kwenye Tume. Na kuna jambo ambalo mwanafunzi wa ualimu asilipite: taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na zile za vinasaba, za alama za mwili na za miamala ya fedha. Anayefichua taarifa za mtu isivyo halali anaweza kupigwa faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote. Kampuni inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Basi angalia tunavyoishi. Shule nyingi zinafanya kinyume kabisa. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ukuta wa ofisi ulikuwa na orodha ya majina ya watoto ambao wazazi hawajachangia chakula, na nyingine ya matokeo ya mtihani wa mwezi kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Hesabu za shule hazikuwepo. Mzazi mmoja alipoziulizia alijibiwa kwamba hayo ni "mambo ya ndani ya ofisi". Kilichotakiwa kufichwa kimebandikwa, kilichotakiwa kubandikwa kimefichwa! Na sasa neno faragha limeingia mjini, naogopa watu watalivalisha kama koti: ukiomba risiti unaambiwa hizo ni taarifa binafsi. Siyo kweli. Risiti ya chaki haina faragha. Mshahara wa fundi aliyepaka rangi darasa kwa hela ya umma ni hesabu ya umma. Ugonjwa wa mtoto wa fundi huyo siyo.

Baraza la Mitihani limetuonyesha njia kwa kiasi. Fungua matokeo ya kidato cha nne kwenye mtandao, utaona namba ya mtahiniwa, jinsia na alama, hukuti jina. Januari 2023 likaacha pia kutangaza kumi bora. Halafu sisi walimu tunachukua karatasi hiyo, tunaandika majina kwa kalamu pembeni, tunapiga picha, tunatupia kwenye grupu.

Msidhani jambo hili ni la watoto tu. Bumu likichelewa, tunajua nini kinafuata: mikopo ya simu. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yako yote, unabonyeza kukubali kwa sababu una njaa. Ukichelewa kulipa siku mbili, shangazi yako wa Karema anapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Wewe ulibonyeza kukubali, sawa. Shangazi alikubali wapi? Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni. Ukiangalia vizuri ni kosa lilelile la kampuni: kuna mtu alikaa ofisini akaamua kwamba njia ya kukusanya deni ni kumwaibisha mtu kwa ndugu zake, na hakukuwa na mwenzake wa kumuuliza kama sheria inaruhusu. Anayeathirika anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tunza ujumbe wenyewe, usiufute kwa hasira.

Wale wa Katavi wenzangu wananiambia haya ni mambo ya mjini. Hapana. Mzee wako akiuza tumbaku kupitia AMCOS, chukua ile karatasi ya mauzo usome makato. Kila kato lina jina. Pembejeo, naijua. Mchango fulani, ni wa nini na uliamuliwa mkutano gani? Ni zoezi lilelile la asilimia moja ya EGMA, tarakimu tu ndizo ndogo.

Nimalizie na swali tulilobishana sana tukiwa fildi, kwa sababu utakutana nalo wiki ya kwanza. Mwalimu mkuu anakupa orodha ya watoto 37 ambao hawajaleta mahindi ya uji, anakwambia, "Mwalimu, weka kwenye grupu la wazazi, wataona aibu watalipa." Wewe ni mgeni, yeye ni mkubwa wako, na alama zako za mazoezi zinamtegemea. Wenzangu wengine walisema unatii, yaishe. Mimi nafikiri kuna njia ya adabu. Unamwambia, "Shikamoo mwalimu, naomba niwatumie mzazi mmojammoja, maana sheria mpya inatubana kwenye majina ya watoto." Kazi inakuwa ndefu, ni jioni nzima na vocha yako. Halafu unaomba kwenye grupu lile liwekwe jambo jingine: magunia mangapi yameingia mwezi huu, mangapi yamepikwa, yamebaki mangapi stoo, na nani amesaini.