SOMO LA 31. MWINDAJI NA WEZI WANNE WA MOTO

Maneno ya kufahamu
Theluji: maji yaliyogandishwa na baridi huko juu, yaangukayo polepole kama pamba nyeupe.
Sili: nyama wa baharini mwenye manyoya mafupi na mafuta mengi. Si samaki, hupumua hewa kama sisi.
Chusa: mkuki wenye kamba, wa kuchoma nyama wa majini asizame.

1. Baridi yaweza kuua

Watoto, siku za baridi hutetemeka njiani mkija masomoni, mmekunja mikono kifuani. Kisha jua lapanda, nanyi mwasahau. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba baridi ni jambo la kuudhi tu. Sivyo. Baridi yaweza kuua.

Mlima Karisimbi, mpakani mwa Kongo na Rwanda, una urefu wa meta 4.507. Mwaka 1908 Mdachi mmoja alikuwa akichunguza mlima ule pamoja na wapagazi wake. Mvua ya mawe na theluji ikawakuta juu. Wapagazi walikuwa na nguo nyepesi, nazo zikalowa. Upepo ukawapiga. Wengine wakakata tamaa, wakaketi chini, wakakataa kuondoka. Watu 20 hivi wakafa.

Je, walikuwa watu dhaifu? Hata kidogo. Walikuwa wamezoea kubeba mizigo mizito siku nzima. Hawakukosa nguvu. Walikosa nguo kavu na mahali pa kujificha upepo.

Sasa tutazame watu wengine, wanaowinda katika baridi kali kupita ile ya Karisimbi, nao hurudi nyumbani wazima. Wana siri gani?

2. Nchi isiyo na shamba

Mbali sana, upande wa kaskazini wa dunia, wakaa Wainuit. Wako Kanada, Grinlandi na Alaska. Katika kisiwa cha Igloolik, nchini Kanada, jua halionekani tangu mwisho wa mwezi wa Novemba hadi katikati ya Januari. Mara nyingi baridi hushuka digri 30 chini ya kipimo ambacho maji huganda. Bahari yenyewe hufunikwa na barafu ngumu, hata watu hutembea juu yake.

Huko hakuna muhogo, wala ndizi, wala mahindi. Zamani chakula chote kilitoka katika kuwinda na kuvua. Mafuta ya sili yalikuwa mafuta ya taa, na taa ndiyo iliyokuwa jiko. Mwindaji akirudi mikono mitupu siku nyingi, watoto walilala njaa, tena walilala gizani. Siku hizi kuna maduka, lakini vyakula vitokavyo mbali vina bei kubwa, na Wainuit wengi huwinda hata leo.

3. Kungoja bila kutikisika

Sili hukaa chini ya barafu, lakini lazima apumue. Kwa hiyo hutunza matundu kadhaa katika barafu, tena matundu hayo hufunikwa na theluji. Mbwa hulisikia tundu kwa harufu. Mwindaji husimama hapo na chusa yake. Katika tundu hutia kijiti chembamba. Sili akija kupumua, kijiti chatikisika. Ndipo mwindaji huchoma mara moja.

Lakini sili ana matundu mengi. Labda atakuja hapa, labda kule. Mwindaji aweza kungoja saa nyingi. Nasi tukisikia baridi hufanya nini? Hurukaruka, hupiga miguu chini. Yeye hawezi. Sili husikia vizuri sana chini ya barafu. Akisikia mguu, hatakuja, na nyumbani hapatakuwa na nyama. Basi mwindaji yampasa kupata moto bila kutikisika.

4. Moto uko wapi?

Fahamuni vema neno hili: nguo haina moto. Moto umo mwilini mwetu. Mwili wa mtu mzima wa afya una moto wa digri 37 hivi, na kuni zake ni chakula. Kazi ya nguo ni kama kazi ya mlango: huzuia moto usitoke nje. Baridi haituingii, ni moto wetu unaotutoka. Nao wezi wa moto ni wanne.

Mwizi wa kwanza ni upepo. Hufukuza hewa yenye moto iliyo karibu na ngozi yetu. Mwindaji hujenga ukuta mdogo wa theluji upande utokako upepo. Nguo yake ni ya ngozi ya tuktu, nyama mwenye pembe aliye mkubwa kupita mbawala. Ndani ya kila unywele wa tuktu mna hewa, na hewa iliyofungwa huzuia moto usitoke. Mwindaji huvaa nguo mbili: ya ndani manyoya yake huelekea mwili, ya nje manyoya yake huelekea nje. Koti halifunguki kifuani, huvaliwa kwa kupitisha kichwa. Mikononi huvaa mifuko ya ngozi: vidole vinne hukaa pamoja vikipashana moto, kidole gumba hukaa peke yake.

Nani anayeshona nguo hizo? Zamani walikuwa wanawake, na hata leo wako mafundi wanaojua kazi hiyo. Walitumia nyuzi za kano za nyama. Tundu moja dogo katika mshono, na mwindaji aweza kupotewa na kidole. Kweli, uhai wa baba ulikuwa katika sindano ya mama.

Mwizi wa pili ni maji. Huyu ni mkali kupita wote. Nguo iliyolowa hupoteza kazi yake, kwa kuwa mahali pa hewa pamejaa maji. Tena maji hayatoki katika mvua tu. Jasho nalo ni maji. Kwa hiyo mwindaji wa Igloolik hakimbii ovyo. Akiona jasho laanza, hupunguza mwendo, husukuma nyuma kofia ya koti lake, moto wa bure utoke shingoni. Akifika nyumbani, kabla ya kuingia hupiga nguo zake kwa fimbo, theluji yote ianguke isije ikayeyuka ndani.

Mwizi wa tatu ni mahali pa baridi tunapokanyaga au kukaa. Barafu hunyonya moto wa miguu. Mwindaji akingoja kwenye tundu hukanyaga kipande cha ngozi yenye manyoya. Ngozi hiyo hufanya kazi mbili: hulinda miguu, tena huzuia mshindo.

Mwizi wa nne ni njaa. Jiko lisilo na kuni huzimika. Wainuit hula nyama yenye mafuta mengi, maana mafuta ni kuni ziwakazo muda mrefu.

5. Ishara za hatari

Wawindaji wakienda pamoja hutazamana usoni. Wakiona alama nyeupe puani au shavuni, wajua kwamba ngozi yaanza kuganda. Hawaisugui, wala hawaipaki theluji. Huifunika kwa kiganja chenye moto. Lakini ishara mbaya kupita hiyo ni hii: mtu ajikwaa, anena kama mlevi, ataka kuketi na kulala. Mtu huyo hajui tena hatari yake. Yapasa wenzake wamwondoe upepo, wamvue nguo zilizolowa, wamvike kavu, wamkumbatie. Akiwa bado aweza kumeza vizuri, wampe kinywaji cha moto chenye sukari, wala si pombe. Pombe hudanganya: ngozi yasikia moto, kumbe moto unatoka mwilini.

6. Mgeni aliyekubali kufundishwa

Mwaka 1903 Roald Amundsen, mtu wa Norwe, alifika kwa Wainuit wa Kanada, akakaa karibu nao miaka miwili. Hakuwadharau. Alitazama walivyovaa na walivyosafiri na mbwa, akajifunza. Tarehe 14 Desemba 1911 yeye na wenzake wanne walikuwa watu wa kwanza kufika ncha ya kusini ya dunia. Nao walirudi wote wazima.

7. Na sisi?

Kwetu pia kuna baridi. Kilele cha Ruwenzori, meta 5.109, kina barafu, ingawa hupungua mwaka kwa mwaka. Mwindaji mlimani, mchungaji wa ng'ombe, mvuvi wa usiku, wote huonana na wale wezi wanne. Basi ukipanda mlima, weka nguo moja kavu mahali pasipolowa. Ukitoka jasho, punguza mwendo. Ukifika, vua shati lililolowa kabla ya kupumzika. Usiketi juu ya jiwe tupu. Tandika majani makavu. Na mwenzako akitaka kulala katika mvua na upepo, usimwache.

Shika moyoni
Moto umo mwilini. Nguo kavu huulinda, chakula huulisha, upepo na maji huuiba.

Jaribio
Jazeni chupa tatu maji ya moto sawasawa. Ya kwanza iacheni tupu. Ya pili ifungeni kitambaa kikavu kizito. Ya tatu ifungeni kitambaa kilicholowa maji. Ziwekeni penye upepo. Baada ya nusu saa shikeni kila chupa. Ipi ina moto bado? Ipi imepoa zaidi? Elezeni sababu.

Maulizo
1. Wapagazi wa Karisimbi walikosa nini?
2. Sababu gani mwindaji wa sili hawezi kupiga miguu chini?
3. Taja wezi wanne wa moto. Yupi ni mkali kupita wote?
4. Sababu gani jasho ni hatari katika baridi?
5. Mwenzako anena kama mlevi katika baridi, naye hakunywa pombe. Utafanya nini?