Kumwandaa mwelimishaji wa vibarua wa tumbaku

Ndugu zangu, vibarua wengi wa tumbaku huku Tabora hutoka Kigoma. Mwelimishaji unayemtuma kwao mfundishe hili kwanza: jani likiwa na umande, nikotini hupenya kwenye ngozi. Mtu anasikia kichefuchefu, anatapika, kizunguzungu, kichwa kinauma, na wenzake wanasema malaria. Apimwe, sawa, ila zahanati aseme pia kwamba alikuwa anachuma tumbaku.

Mwelimishaji aende kambini jioni, tajiri asiwepo, maana mbele ya tajiri hakuna anayeumwa! Akijua Kiha, bora zaidi. Aonyeshe kwa vitendo: kusubiri umande ukauke, kuvaa glovu na mikono mirefu, kuvua nguo zilizolowa, kuoga kwa sabuni. Nawe uliyemtuma, mpigie simu kila wiki, na nauli yake umpe kabla hajaondoka.