Kitabu Tunachokishona Wenyewe: Sanaa ya Vitabu katika Mafundisho ya Imani



Katika vigango vingi vya milima ya Usambara, kitabu cha katekisimu ni kimoja tu, nacho ni cha katekista. Watoto wa Komunyo ya Kwanza hukaa kwenye mabenchi, katekista husoma swali na jibu, nao huitikia kwa pamoja. Njia hii ina heshima yake. Wazee wetu wengi walishika imani kwa kuitikia hivyo, na hadi leo hawajasahau. Hata hivyo, mtoto hurudi nyumbani mikono mitupu. Hana ukurasa wa kumwonyesha mama yake, wala wa kurudia siku za katikati ya juma. Katika makala hii tunapendekeza njia ya gharama ndogo: kila mtoto atengeneze kitabu chake kwa mikono yake. Kwanza tutatazama kitabu ni nini, kisha historia yake, halafu tutaeleza namna ya kufanya.

1. Kitabu ni nini?

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa mapema, kwa Aristotle, kwamba kukijua kitu ni kuzijua sababu zake, naye alizitaja nne. Tuzijaribu kwenye kitabu. Sababu ya maada ni karatasi, uzi, wino na gamba. Sababu ya umbo ni mikunjo na mpangilio wa kurasa unaofanya rundo la karatasi liitwe kitabu. Sababu tendaji ni mwandishi, mchapaji na mshonaji. Sababu ya kikomo ni lile lengo ambalo kwa ajili yake vyote hivyo vilifanyika: mtu asome, aelewe, akumbuke.

Kitabu cha dukani hutufikia kikiwa kimekamilika, nasi huyaangalia maneno peke yake. Wapo wasanii ambao hukataa kuishia hapo. Kwao karatasi, mkunjo na rangi vinasema pamoja na maneno. Mwingereza William Blake mwaka 1789 alitoa kitabu cha mashairi ambacho yeye mwenyewe alikiandika, akakichora, akakichapa na kukitia rangi kwa mkono. Hapa Afrika, tangu 2019 makumbusho ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, yana kituo maalumu cha vitabu vya namna hii. Mwalimu wa dini anaweza kujifunza jambo moja kwa wasanii hao: umbo la kitabu nalo linafundisha.

2. Kushona vitabu si jambo geni kwetu

Mwinjili Luka anasimulia kwamba Yesu katika sinagogi la Nazareti alipewa maandiko ya nabii Isaya, akayafungua, akasoma, akayakunja tena. Hilo lilikuwa gombo, yaani ngozi ndefu iliyoviringishwa. Wakristo wa kwanza walipendelea mapema umbo jingine: kurasa zilizokunjwa na kushonwa mgongoni, kama vitabu vyetu vya leo. Baadhi ya ushahidi mkongwe wa ushonaji huo uko barani kwetu. Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi nchini Misri, vilipatikana vitabu vya mafunjo vya karne ya 4 vikiwa na magamba ya ngozi. Mengi yaliyoandikwa humo si mafundisho ya Kanisa, lakini ushonaji wake unatuonyesha jinsi mafundi wa zama zile walivyofanya kazi. Huko Ethiopia, monasteri ya Abba Garima katika Tigray inatunza Injili zilizoandikwa na kupambwa kwenye ngozi, na vipimo vimeonyesha kwamba ngozi hizo ni za kati ya karne ya 4 na ya 7. Pwani yetu nayo haikubaki nyuma: wanakili Waislamu wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili Kurani kwa mkono na kuzipamba kwa ustadi mkubwa.

Usambara pia ina historia yake ya vitabu. Habari za Mbegha, mwindaji aliyekuja kuwa mtawala wa Wasambaa, na za uzao wake Wakilindi, zilisimuliwa kwa mdomo kizazi hadi kizazi. Abdallah bin Hemedi alizikusanya na kuziandika kwa Kiswahili, na kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilianza kuchapwa katika misheni ya Magila, chini ya milima hii, mwishoni mwa karne ya 19. Kama asingeketi na kalamu, mengi yangezikwa pamoja na wasimulizi. Ndugu zetu Walutheri nao walikuwa na kiwanda cha uchapaji huko Vuga, kilichotoa vitabu vingi vya Kiswahili. Na huko Ubiri, karibu na mji wa Lushoto, Masista wa Mama Yetu wa Usambara wamekuwa wakiwaandaa walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Maria Montessori, yule daktari aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907. Katika njia hiyo, mwanafunzi ualimu hutengeneza zana za kufundishia kwa mikono yake, na mtoto hujifunza herufi kwa kuipapasa kwa kidole kabla ya kuisoma.

3. Mkono na akili

Kwa nini kupapasa kabla ya kusoma? Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba maarifa yetu huanzia katika milango ya fahamu. Aristotle mwenyewe aliufananisha mkono na akili: mkono ni chombo kinachotumia vyombo vingine vyote. Basi mtoto anayekunja, kuchora na kushona hajaacha kufikiri. Anafikiri kwa njia inayolingana na umri wake.

Plato, katika Phaedrus, anamwonyesha Sokrates akiwa na hofu kwamba maandishi yatawafanya watu wasahaulifu, kwa kuwa wataitegemea karatasi badala ya kumbukumbu. Hofu hiyo tunaielewa sisi tunaohifadhi kila kitu kwenye simu na kushindwa kukieleza darasani. Lakini kitabu cha kujitengenezea kinapita mlango mwingine. Ili mtoto aandike ukurasa wa Ubatizo, lazima kwanza akumbuke, achague maneno machache, aamue achore nini: maji, mshumaa au vazi jeupe. Kumbukumbu imefanya kazi kabla ya wino kukauka.

4. Tutengeneze

Kitabu cha karatasi moja. Chukua karatasi ya A4. Iliyotumika upande mmoja, kutoka ofisi ya parokia, inafaa kabisa, kwa sababu upande huo utafichika ndani.

(a) Kunja kwa urefu, kingo ndefu zikutane, kunjua.
(b) Kunja kwa upana, kingo fupi zikutane, kunjua. Kisha leta kila ukingo mfupi hadi mstari wa katikati, ukunje, ukunjue. Sasa una vyumba 8.
(c) Kunja tena kwa upana. Kuanzia upande wa mkunjo, kata kwa mkasi kufuata mstari wa katikati hadi kufikia mkunjo unaofuata, usipite hapo.
(d) Kunjua, kisha kunja kwa urefu. Shika ncha mbili na uzisukume zikaribiane hadi pale palipokatwa pafunguke. Zungushia kurasa ziwe kijitabu.

Umepata kurasa 8: moja ya jalada lenye jina la mtoto, na 7 kwa ajili ya sakramenti saba. Katekista anaweza kufundisha sakramenti moja kila Jumamosi, na mtoto akajaza ukurasa mmoja. Kwa Njia ya Msalaba, unganisha vipande vya karatasi kwa gundi na uvikunje mbele na nyuma kama feni hadi upate vyumba 14. Kikifunguliwa na kusimamishwa mezani, watoto wanaweza kukifuata kituo kwa kituo.

Kitabu cha kushona. Kunja karatasi 4 za A4 katikati, moja ndani ya nyingine, na nje weka jalada la boksi laini. Toboa matundu 3 kwenye mkunjo: moja katikati, na moja karibu na kila ncha. Chukua uzi wa pamba wenye urefu mara tatu ya mgongo wa kitabu, uupitishe kwenye nta ya nyuki ili usisokotane. Kamba ya mkonge, ingawa tunayo kwa wingi mkoani Tanga, ni nene na hupasua karatasi. Anzia ndani: toka kwa tundu la kati, ingia kwa la juu, vuka kwa ndani hadi la chini, toka, kisha rudi ndani kwa la kati. Funga ncha mbili juu ya uzi mrefu uliopita ndani. Una kitabu cha kurasa 16.

Gundi ya uji wa unga wa ngano inatosha kubandika magome makavu ya mgomba kwenye jalada. Itumie kidogo tu. Wakati wa masika na miezi ya baridi karatasi haikauki upesi huku milimani, na gundi nyingi huleta ukungu.

5. Pingamizi mbili

Wengine watasema: huu ni mchezo, na saa ya mafundisho ni moja tu. Ni kweli kwamba muda ni mfupi, na ndiyo maana tumependekeza ukurasa mmoja kwa kila kipindi. Dakika 15 za mwisho zinatosha, nazo ndizo zitakazomwonyesha katekista nani ameelewa na nani anaitikia tu.

Wengine watauliza: mtoto akiandika kosa la mafundisho? Hatari hiyo ipo. Kwa hiyo katekista asome kila ukurasa kabla ya kazi kwenda nyumbani, na kitabu cha mtoto kisichukue nafasi ya katekisimu ya Kanisa. Ila tukumbuke kwamba kosa lililoandikwa linaonekana na kurekebishwa. Lile linalojificha katika sauti ya wengi linaweza kuishi miaka.

Njia hii inaweza pia kuvuka mafundisho ya Komunyo. Vijana wa Kipaimara waketi na bibi na babu zao, wawaulize majina ya miti kwa Kisambaa, au jinsi kigango chao kilivyoanza, waandike na kushona. Ni mambo ambayo huenda hakuna mchapaji atakayeyachapa, na wanaoyajua wanazidi kupungua kila mwaka.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kigango chetu, ni watoto wangapi wana kitabu chochote cha dini nyumbani?
2. Ni mafundisho gani mengine yanayolingana na umbo la kitabu cha kurasa 8? Tufikirie Heri Nane: jalada tuliweke wapi?
3. Ni mzee gani katika jumuiya yetu ambaye habari zake zinapaswa kuandikwa mwaka huu, na nani atashika kalamu?